Anaambiwa Nani? Mhadhara juu ya Kuyafikia Mashairi ya Kale



Fumo Liyongo amefungwa. Wanaosimulia habari zake, kuanzia Ozi na Shaka mpaka Pate, wanatofautiana katika mengi, lakini mkasa wa gerezani wote wanao. Mfalme alimwogopa akamtia kifungoni. Kila siku mjakazi wa mama yake, Saada, alimletea chakula, na kila siku askari wa mlangoni walichagua kilicho kitamu wakala wao. Siku moja Liyongo akampa Saada maneno ya kumpelekea mama, akayatunga kwa wimbo. Wengine husimulia kwamba askari walikuwa pale pale, wana masikio yao, na lugha ni yao. Wakasikia, yakawapita. Mama alipofikishiwa maneno yale hakuhitaji kufasiriwa. Alioka mikate mizuri ya unga mweupe, na mwingine wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa akaficha tupa. Askari wakala mizuri, wa wishwa wakamwachia mfungwa wao. Usiku kukachezwa gungu, matoazi yakalia, na katikati ya kelele zile Liyongo akawa anakata minyororo.

Muhamadi bin Abubakar Kijumwa wa Lamu aliutia mkasa huu katika utendi mwaka 1913, na baadaye umechapwa na kusomeshwa mara nyingi. Mimi nimeanza nao kwa sababu naona kwamba tunapofungua kitabu cha mashairi ya kale, mimi na wewe, tunakuwa tumesimama mlangoni pamoja na wale askari. Maneno ni ya Kiswahili, tunayasikia, nayo yanatupita. Tunajichagulia mikate mitamu: jina la mshairi, karne yake, idadi ya mizani, vina vya kati na vya mwisho, na ile sentensi ya daftarini kwamba dhamira kuu ni mauti au ni maadili. Tunashiba. Tupa imebaki ndani ya mkate ambao hatukuugusa.

Mama wa Liyongo hakuwa msomi kuliko askari. Jambo moja tu lilimtenga nao: alijua kwamba maneno yale ni yake. Aliambiwa yeye. Ndiyo maana leo nawaombeni tuanze kila shairi la kale kwa swali moja, kabla ya dhamira, kabla ya mizani, kabla hata ya jina la mtunzi: anaambiwa nani?

Swali hili silo langu. Nitawaambia nililipata kwa nani.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir niliisoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha tano. Tuliandikiwa ubaoni kwamba mshairi anaionya jamii dhidi ya anasa za dunia. Niliandika hivyo katika daftari, nikaandika hivyo katika mtihani, nikapata alama. Kwa miaka mingi baadaye nilimwona Sayyid Abdallah kama mtu aliye juu ya mimbari, ametunyoshea kidole. Nilimheshimu. Kumpenda sikumpenda.

Baadaye mama yangu alipungukiwa na nguvu za macho, nikawa namsomea jioni. Tulimaliza magazeti, tukamaliza hadithi, na jioni moja nikachukua Al-Inkishafi kwa kuwa ndicho kitabu kilichokuwa karibu. Maneno mengi ya Kiamu, lahaja ya Lamu, yalimpita, kwani yeye si mtu wa visiwani. Nilipofika ubeti wa kumi hivi, akanikatiza. “Mwanangu, anamwambia nani huyo?” Nikamjibu kwamba anatuambia sisi, wasomaji. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Hebu rudi nyuma.” Nikarudi, nikasoma tena. Akasema, “Sisi hatumo. Anaugombeza moyo wake.”

Nilikaa na kitabu mkononi kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta wa chumba alicholala miaka 20. Kila kitu kilikuwamo. Mtunzi anauita moyo wake, anauuliza kwa nini hausikii, anaushangaa, anaubembeleza, anaukemea, na ukikaa kimya anauuliza tena. Utungo mzima ni mtu mmoja na moyo wake, usiku, bila shahidi.

Tazameni tofauti inayopatikana hapo. Anayekuonya wewe anadai kwamba yeye ameshavuka. Anayeuonya moyo wake anakiri mbele yako kwamba moyo huo bado unamshinda. Kwa hiyo yale maswali yake mengi, ambayo tulifundishwa kuyaita maswali ya balagha na kuyapita, ni maswali ya mtu anayetaka kujibiwa na hajibiwi. Sisi hatukualikwa. Tulikuwa tunapita nje ya dirisha tukasikia. Lakini shairi likisomwa kwa sauti, hakuna anayebaki nje ya dirisha. Neno “wangu” alilolitumia Sayyid Abdallah juu ya moyo wake linatoka sasa katika kinywa chako, na moyo unaotajwa ni ule ulio kifuani mwako wewe. Mtunzi ametoka chumbani akakuachia mazungumzo yake.

Jina lenyewe la utungo linatokana na Kiarabu, na maana yake ni kufunuka, kuondolewa pazia. Na namna pazia linavyoondolewa inastahili tukae nayo.

Mwanzoni anautolea moyo mifano. Uhai ni kama taa iliyowekwa kwenye upepo. Dunia ni kama mazigazi yanayomvuta mwenye kiu mchana wa jua kali. Ni mifano mizuri, nayo ilikuwako kwa washairi wa Kiislamu wa zama nyingi. Moyo hautikisiki. Ndipo anapoacha mifano, anaushika moyo mkono na kuutembeza Pate, nyumba kwa nyumba.

Pate ya wafalme wa Kinabahani ilikuwa mji wa mali. Ulifanya biashara na Uarabuni na Bara Hindi, ukawa na mafundi wa hariri, fedha na dhahabu, ukawa na washairi. Chuo cha Herekali, utendi wa zaidi ya beti 1,100, uliandikwa humo na Bwana Mwengo wa Athman mwaka 1728. Kisha ukaja mfululizo wa fitina na vita, na vile vya Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810, ambamo Lamu iliwashinda watu wa Pate na Mombasa pamoja, vikazidi kuuvunja mgongo. Sayyid Abdallah aliishi wakati utukufu huo ulipokuwa ukizama. Wakwasi anaowakumbuka hawakuwa watu wa vitabuni. Alijua milango yao.

Katika nyumba hizo kulikuwa na zidaka. Mliofika Lamu mmeziona, maana zingalipo: vishubaka vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, safu juu ya safu, pengine ukuta mzima wa chumba cha ndani. Humo mwenye nyumba alipanga sahani na bakuli za kaure zilizotoka China, usiku taa zikiwaka zote zikameremeta. Mara ya kwanza niliposimama mbele ya ukuta wa namna ile niliweka ngumi yangu ndani ya kimoja. Kilikuwa na nafasi ya sahani moja tu.

Sayyid Abdallah anauingiza moyo wake katika nyumba kama hiyo baada ya wenyewe kuondoka. Zidaka zipo, sahani hazipo. Mahali pa sahani wamelala makinda ya ndege. Popo wachanga wananing'inia darini, buibui wametanda juu ya vitanda, bundi anakoroma katikati ya nyumba, na hakuna sauti ya mtu. Nafasi inayotosha sahani moja inatosha pia kiota kimoja. Mshairi hakulieleza hilo; aliweka ndege pale, akauachia moyo uone wenyewe. Mwanafunzi asiyejua kidaka ni nini ataandika neno “uharibifu” na kuendelea na ubeti unaofuata, nasi tutampa alama.

Hapo ndipo sauti inapofanya kazi ambayo jicho haliwezi. Kila mshororo wa Al-Inkishafi una mizani 10, pumziko likiwa baada ya ile ya sita. Mishororo mitatu ya mwanzo ya kila ubeti inashirikiana kina kimoja, na kina hicho hubadilika ubeti baada ya ubeti. Wa nne hubaki na mwisho ule ule, silabi “ye”, tangu mwanzo wa utungo. Katika ukurasa hilo ni pambo. Katika sikio ni jambo jingine kabisa: baada ya beti tano au sita sikio linaanza kuingoja ile silabi, na inapofika ni kama mtu anayepita katika nyumba kubwa akifunga chumba kimoja, kisha kingine, kisha kingine. Watu wanatajwa na vyumba vinafungwa.

Wapo walimu wanaokatisha utungo kabla ya mwisho, kwa sababu mwisho unashuka mpaka motoni, na moto unatajwa kwa majina yake. Beti hizo zinanitisha, nazo sitaki kuzikata. Mtu aliyeuonyesha moyo wake mifano, akauonyesha magofu, akauhesabia marafiki waliokufa, na moyo ukakaa kimya vile vile, ana mahali pamoja tu palipobaki pa kuupeleka. Ukiukata mwisho huo umemkata mtunzi katikati ya jambo lililomtesa.

Sasa niseme juu ya lugha, maana najua ndipo wengi mnapoogopea. Mtu wa Dodoma au wa Kisumu akifungua tungo za Lamu na Pate anahisi amefungua lugha ya watu wengine. Funguo ni chache kuliko anavyodhani. Penye ch yetu Kiamu mara nyingi kina t: macho ni mato, kichwa ni kitwa, nchi ni nti. Penye j kina y, au hakina kitu: moja ni moya, jana ni yana, maji ni mai. Njia inakuwa ndia, njaa inakuwa ndaa. Vitanda ni zitanda, vyombo ni zombo, na vidaka ndivyo zile zidaka nilizozitaja. Halafu kuna vitenzi vya zamani ambavyo badala ya kutanguliza -me- hugeuza mkia wa neno: aliyelala ni lele, aliyesimama ni simeme, aliyekaa ni kele. Haya yanafundishika kwa kipindi kimoja. Nusu ya ukungu inaondoka siku hiyo hiyo. Nusu inayobaki ni maneno ya Kiarabu na ya Kiswahili yaliyokwisha kulala, na kwa hayo tuna kazi kama Tenzi Tatu za Kale ya Mugyabuso Mulokozi, iliyotoka mwaka 1999, inayokaa ubavuni mwa msomaji bila kumdharau.

Kitu kimoja nawaombeni msifanye: msiugeuze utungo kuwa Kiswahili sanifu kabla wanafunzi hawajausikia ulivyo. Mato yakiwa macho, hesabu ya mizani itabaki, lakini kina kimekufa, na kina ndicho kilichokuwa kikikushika mkono.

Tena sauti ilikuwa na kazi nyingine ambayo tumeisahau. Miswada ya kale iliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati zile kwa asili hazina herufi ya p, wala ya v, wala ya ch. Alama ya kasra ilibeba i na e pamoja. Dhuma ikabeba u na o. Wanakili wengi hawakuiandika n au m inayotangulia d au b. Kwa hiyo mtu aliyeandika b yenye kasra, kisha d yenye fatha, huenda alikusudia “penda”, na huenda alikusudia “pinda”. Angalieni umbali ulio kati ya kupenda na kupinda! Nani aliyeweza kujua? Aliyekwisha kulisikia shairi. Karatasi ilikuwa ukumbusho kwa mtu ambaye utungo ulikuwa tayari masikioni mwake, na pale alipotia shaka, kina na mizani vilimrudisha njiani. Sisi tumepindua mambo. Karatasi tumeifanya ndiyo shairi, sauti tukaifanya mapambo ya siku ya mahafali.

Waliotufikishia tungo hizi walikuwa watu wa masikio. Kijumwa wa Lamu, ambaye alikuwa pia fundi wa kuchonga mbao na mwimbaji, ndiye aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, tungo ambazo leo zimehifadhiwa London na Ujerumani. Karibu na zama zetu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alifanya kazi kama hiyo maisha yake yote. Wengi mnamjua kwa neno “runinga” alilotupa. Mimi namkumbuka zaidi kwa ubishi wake kwamba utungo usioimbika haujakamilika.

Na Mombasa kulikuwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mshairi wa mji huo, alifariki karibu mwaka 1840, miaka michache tu baada ya utawala wa Mazrui kuangushwa mwaka 1837. Mashairi yake yalibaki yakizunguka katika vinywa vya wenyeji wa mji, na huko ndiko Sikujua alikoyakusanya na kumpa W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekisikiliza Kiswahili cha Mombasa kwa makini ya pekee. Hichens aliyachapisha Afrika Kusini mwaka 1940, karne moja baada ya mwenyewe kuzikwa.

Huyu Muyaka ni mtihani wa swali letu. Ametoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, ndivyo isemwavyo, na sokoni kila neno lina mwenyewe. Mombasa na Lamu zilirushiana mashairi kama zilivyorushiana risasi, Muyaka huku, Bwana Zahidi Mngumi kule. Ukikuta utungo wake juu ya chombo baharini au juu ya mpenzi aliyevunja ahadi, usiharakishe kuuita shairi la safari au la mapenzi. Huenda ni la mapenzi kweli, kwani aliyatunga hayo pia. Huenda mpenzi ni mji. Watu waliosimama pale walijua, wakacheka au wakashika mapanga. Maelezo ambayo Taylor aliyapata kwa Sikujua yana thamani kwa sababu hiyo: bila kujua ulisemwa siku gani na ulimlenga nani, utungo wa Muyaka hubaki na uzuri wake, ila meno yake huyaoni.

Mkondo huo haukukauka. Abdilatif Abdalla alipofungwa Kenya, kati ya mwaka 1969 na 1972, kwa kuandika waraka aliouita Kenya: Twendapi?, alitunga gerezani juu ya karatasi za chooni, na yaliyotoka humo yakawa Sauti ya Dhiki, kitabu cha mwaka 1973. Humo mna mamba, mna mnazi unaogombewa. Mfungwa anatunga, askari yuko mlangoni. Mnaiona hadithi ile ya Liyongo?

Nimeharakisha hapo ili nipate nafasi ya Mwana Kupona, kwa sababu sijui utungo mwingine wa Kiswahili unaogombanisha watu kuliko wake.

Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliutunga mwaka 1858. Wengine wanausoma kama kanuni za mke mwema, wangependa kila bibi harusi apewe nakala. Wengine, hasa wanafunzi wangu wa kike, wanaufunga kabla ya ubeti wa 40 kwa hasira. Nimeisikia hasira hiyo nami siidharau. Mimi mwenyewe sikubaliani naye katika mengi, na yale anayoyasema juu ya kujitenga na watumwa yananiuma nikiyasoma. Lakini kundi la kwanza na la pili wanafanya kosa moja: wote wanaamini kwamba wanaambiwa wao.

Fungueni mwanzo wake. Mama anamwita binti yake aje akae karibu, aje na karatasi na wino. Ana maneno moyoni. Anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Basi tunao watu wawili chumbani: mgonjwa aliyelala na msichana anayeandika. Msichana ni Mwana Hashima. Baba yake, Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siyu, amekufa miaka miwili nyuma. Huyu ni Bwana Mataka ambaye mji wake uliyapiga majeshi ya Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1840, jambo ambalo miji mikubwa zaidi haikuliweza. Sasa hayupo, vita havijakwisha, nyumba imebaki na mjane, na mjane anajua kwamba siku zake zinahesabika. Haikupita miaka 10 naye akafa.

Mama huyo ana nini cha kumwachia binti? Ngome haitoi, jeshi halitoi. Anamwambia kwamba anampa hirizi ya kufungwa kwa uzi, na kwamba anamtungia kidani cha lulu na marijani. Simameni kidogo kwenye kitenzi hicho. Kiswahili kina neno moja kwa kutia shanga uzini na kwa kupanga maneno katika mizani: kutunga. Mama anavisha. Kila ubeti ni ushanga, na uzi ni ile silabi ya mwisho ya mshororo wa nne inayopita katika beti zote. Sheikh Amri Abedi alipotuandikia sheria za utunzi mwaka 1954 alitufundisha kuhesabu shanga, na ni elimu tunayoihitaji sana; ila kidani kilitungwa kwa ajili ya shingo fulani.

Ukisikia hivyo, nasaha zile juu ya mume zinabadilika rangi. Hazigeuki kuwa maoni ya leo, na sitaki kumvalisha mama wa Pate nguo za semina zetu. Zinakuwa maneno ya mwanamke anayejua kwamba baada yake binti hatakuwa na kinga nyingine isipokuwa nyumba atakayoolewa, naye anamfundisha namna ya kuishi humo akiwa na heshima na nguvu ya kupendwa. Katikati yake anamkumbuka Bwana Mataka, jinsi walivyoishi kwa furaha na vicheko, na hapo sauti ya mwalimu inapotea, inabaki ya mke aliyefiwa. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa amekiweka kitabu chini kwa hasira wiki iliyotangulia, alipofika hapo akisoma kwa sauti alishindwa kuendelea. Mama yake alikuwa hospitali. Akamwachia mwenzake amalizie.

Mwishoni Mwana Kupona anafungua mlango: anawaita wanawake wote wausome na kuuelewa. Kwa hiyo naam, wapo wengine wanaoambiwa, lakini wanaingia baada ya binti, wanakaa nyuma yake. Nakala zilipita mkono hadi mkono kwa vizazi, na Werner na Hichens walipouchapisha mwaka 1934 tayari ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 vinywani mwa wanawake wa mwambao. Naye Shaaban Robert akaketi mahali pale pale pa mzazi na binti, akamtungia Mwanjaa wake Utenzi wa Hati.

Walimu, najua mtakaloniuliza. Mtihani unauliza dhamira, fani, tamathali. Muda hautoshi, vitabu ni vichache, madarasa yana watu 80. Sina dawa ya hayo. Ninachoweza kusema ni nilichojaribu. Kipindi cha kwanza cha kila utungo sifundishi kitu. Tunausoma kwa sauti, mara mbili, mara tatu, kwa zamu, wenye kukosea wakosee. Kisha nauliza swali la mama yangu. Wanabishana. Mwaka mmoja walibishana siku mbili juu ya nani anaambiwa katika ubeti mmoja, na walipomaliza walikuwa wameujua kwa moyo bila mtu kuwaagiza. Dhamira waliiandika baadaye, kwa maneno yao, na hakuna wawili walioandika sentensi moja.

Nimesema vya kutosha kwa mtu anayesema watu wasikilize. Mwenzetu aliyetoka Lamu, aliyeketi hapa mbele tangu jioni bila kusema neno, amekubali kutuimbia beti za mwanzo za Al-Inkishafi kwa lahani aliyoipata kwa nyanya yake. Mna karatasi mlizopewa mlangoni. Nawaombeni mzikunje kwanza. Vijana wa kule nyuma, zimeni simu na fungeni hilo dirisha la kulia, magari yanapiga kelele. Mkisikia silabi ya mwisho ya ubeti wa kwanza, ishikeni. Atairudia.

Karibu, bibi.